Risala ya Kikundi cha Ndoo na Brashi Kuhusu Behewa la Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Reli, Bwana Mkuu wa Yadi, ndugu mnunuzi na vijana wako wa kukata chuma, madereva wastaafu mliokaa pale juu ya mataruma ya reli, wazazi, na ninyi watoto mliomo ndani ya behewa, ambao mmeahidi kunyamaza mpaka nimalize:

Sisi wanachama wa Kikundi cha Ndoo na Brashi tunakusalimu na kukushukuru kwa kufika. Tuliambiwa utakuja saa tatu, nasi tukajua ni saa nne. Umefika saa tatu na dakika kumi, ndiyo maana umetukuta wengine bado tuna mapovu kwenye viwiko. Tuwie radhi. Kiti ulichokalia kimetoka behewa la nne, tumekishona upya, ila usiegemee sana upande wa kushoto.

Anayesoma mbele yako ndiye mzee kuliko wote kikundini. Niliishia darasa la saba na mwandiko huu ni wangu. Wenzangu wamenionya nisiwe na maneno mengi. Nimewajibu kwamba mtu aliyeosha vioo mia moja kwa zamu moja hawezi kutishwa na karatasi nne.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, leo tuko tisa. Zamani tulikuwa ishirini na wawili. Sisi ndio tuliokuwa tukiosha mabehewa ya treni ya abiria, ile iliyowapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Behewa huoshwa kutoka juu kwenda chini, kamwe si kinyume chake. Paa kwanza, kisha vioo, kisha ubavu, sakafu mwisho. Bazoka ya kutafuna iliyoganda chini ya kiti hubanduliwa kwa kisu butu na maji ya moto. Kioo humaliziwa kwa gazeti kavu. Ukitaka kujua kama mwenzako ameosha au amelowesha tu, pitisha kitambaa cheupe kwenye ukingo wa dirisha, kisha kinuse. Tumeokota mengi humo ndani: miavuli, kiatu kimoja kimoja, vyeti vya shule. Siku moja tuliokota meno ya bandia, na mwenyewe alikuja kuyafuata amefunika mdomo kwa gazeti.

Kichwa kilichoyavuta mabehewa haya ni kile pale kilichokaliwa na njiwa. Sisi tulikiita Mzee Kikohozi, kwa sababu kila asubuhi kilikohoa mara tatu ndipo kikubali kuwaka. Dereva wake alikuwa akikibembeleza, "Haya baba, haya, watu wanachelewa." Dereva huyo yupo hapa leo, ni yule aliyevaa kofia.

Miaka saba iliyopita zikaja treni mpya. Hatuna neno nazo, ni nzuri na wajukuu zetu wanazipanda. Zinaoshwa na mashine yenye brashi zinazozunguka. Pembe za madirisha hazitakati, lakini hilo si la leo. Barua ya kuyaondoa mabehewa kazini na barua ya kutuondoa sisi ziliandikwa tarehe moja. Mabehewa kumi na mawili na kichwa chao yakasukumwa hadi huku nyuma, nasi tukarudi nyumbani.

Sasa nitasema jambo ambalo nililiacha nje ya risala mara mbili, wenzangu wakanirudisha nikaliandike. Mwaka ule wa mwisho wa kazi, mtoto mmoja wa miaka miwili alifungiwa chumbani kwa sababu mama yake alikuwa kiwandani na hakukuwa na wa kumwangalia. Alivuta sufuria ya uji uliotoka kuchemka. Ukamwagikia mkono wote, kuanzia begani. Majirani walisikia, lakini mlango ulikuwa na kufuli. Bibi yake alikuwa hapa yadini, zamu ya asubuhi, anaosha vioo. Mtoto huyo ni mjukuu wangu. Mkono ulipona, ila hajawahi kuukunjua wote. Sasa yuko darasa la tatu na anaandika vizuri kuliko mimi.

TULICHOFANYA

Baada ya kuondolewa kazini tulikaa nyumbani miezi minne. Tukachoka kukaa. Ijumaa moja tukakutana hapa kuyaangalia tu mabehewa, kama mtu anavyokwenda kumjulia hali mwenzake. Tukakuta vumbi la kuandikika kwa kidole. Mama Pacha, huyu mnene anayecheka, akasema, "Jamani, mimi siwezi kulitazama hivi." Akafungua bomba. Mpira wa maji ulifika behewa la tisa tu, basi tukaosha la tisa. Ijumaa iliyofuata tukarudi.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kina mama wa mtaa huu wanatoka alfajiri kwenda viwandani, sokoni na kufua mashuka ya hospitali. Watoto walikuwa wakifungiwa ndani. Behewa lilikuwa tupu, lina viti sitini na vinne, lina madirisha pande zote. Tukamwendea Mkuu wa Yadi wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu. Alijikuna kichwa akasema, "Fanyeni, mama zangu. Lakini mimi sijui kitu." Tukafanya.

Leo tunalea watoto thelathini na mmoja. Tumeweka nusu mlango wa mbao ili wasitoke, ngazi fupi za miguu yao, na mabeseni matatu ya kunawia. Kila mtoto ana kiti chake chenye namba, na kwa namba hizo wamejifunza kuhesabu. Kuna binti mmoja haitiki jina lake tena mpaka aitwe Kumi na Saba. Mama yake alilalamika, "Bibi, mmenibadilishia mtoto!" Tukamwambia afadhali huyo, kuna mwingine haitiki kabisa.

Michezo yao ni ya treni. Mmoja anakagua tiketi za majani ya mti, mwingine anatoa tangazo. Ukiwauliza treni hii inakwenda wapi, wanakujibu wote kwa pamoja, "Kwa mama!" Na jioni saa kumi na moja, mama wa kwanza akionekana pale getini, wanapiga kelele, "Tumefika!"

Kwa miaka sita na nusu hakuna mtoto wa mtaa huu aliyeungua akiwa amefungiwa ndani. Hayo ndiyo mafanikio yetu, hatuna mengine.

YALIYOTUKUTA

Mheshimiwa, miezi mitatu iliyopita alikuja kijana mpole mwenye ubao wa kuandikia, akipita behewa hadi behewa. Alipofika la tisa akasimama. Akauliza, "Hili nani analitunza?"

Tulijibu wote, kama watoto wetu, "Sisi!"

Mama Pacha akamwambia, "Pitisha kidole, baba. Popote unapotaka. Pitisha!"

Akapitisha. Akakitazama kidole, akatabasamu, akaandika. Tulifurahi, Mheshimiwa, tusifiche. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu wa ofisini akague kazi yetu. Tulimpa maji ya kunywa na kiti, tukamwonyesha hata chini ya viti.

Wiki mbili baadaye barua ikabandikwa getini. Kichwa na mabehewa kumi na moja yatakatwa kuwa chuma chakavu na kupelekwa kwenye tanuru. Behewa la tisa, "kwa kuwa hali yake ni nzuri mno," limeuzwa zima, litanyanyuliwa kwa kreni na kuwekwa kwenye bustani ya hoteli liwe chumba cha kulia. Waliomo wahame kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mwisho wa mwezi ni Jumanne.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, aliyeliuza behewa letu si mnunuzi wala si wewe. Ni sisi wenyewe, kwa sabuni na brashi. Tungeliacha lichafuke kama mengine, pengine lingebaki la mwisho kukumbukwa.  Tuliposoma barua ile mwenzetu mmoja alisema tulimwagie behewa tope. Tulimtazama, naye akainamisha kichwa. Hakuna hata mmoja wetu ambaye mkono wake ungeweza.

Changamoto ya pili ni kwamba hatuna karatasi. Ruhusa yetu ilikuwa ya mdomo, na mwenye mdomo amestaafu.

Utauliza, kwa nini tusipewe behewa jingine? Tumelifikiria hilo. Yaliyobaki yako katikati ya njia ambazo treni bado zinapishana. Mtoto angevuka reli mbili ili afike shule yake. La tisa peke yake ndilo liko kando ya geti na bomba, na kipande cha reli kilicholiunganisha na yadi kiling'olewa zamani. Likinyanyuliwa leo, hakuna behewa jingine litakaloweza kusukumwa kuja kukaa mahali pake.

TUNACHOOMBA

Mheshimiwa, hatukuombi uzuie hoteli. Ndugu mnunuzi naye ana kazi yake, na kula ndani ya behewa ni jambo zuri mradi mtu asibandike bazoka chini ya meza. Tunaomba abadilishiwe. Achukue behewa la sita badala ya la tisa. Ni ndugu wa tumbo moja, yalitoka kiwanda kimoja mwaka mmoja. La sita liko kwenye reli nzima, litasukumwa tu hadi nje bila kreni. Nalo la tisa lifutwe kwenye orodha zote, ya hoteli na ya tanuru. Tanuru likose behewa moja.

Mkubwa mmoja wa ofisi ya yadi alishatujibu kwamba la sita haliwezi, limechakaa, lina kutu na njiwa. Tulimwambia, "Uchakavu mwingine ni uchafu tu, mwanangu." Hakutuelewa. Alikuwa sahihi kwa namna alivyoliona siku ile.

Pia tunaomba karatasi, hata nusu ukurasa, yenye muhuri na sahihi yako, isemayo kwamba tupo.

Tunaomba vijana wa kukata chuma waanze na mabehewa ya mbali na siku za kwanza wakate saa za jioni, watoto wakishachukuliwa. Cheche zile na mlio ule si vya kusikilizwa na mtoto wa miaka mitatu.

Na la mwisho ni dogo. Tunaomba nusu siku ya kukiosha Mzee Kikohozi kabla hakijakatwa. Tunajua tanuru halichagui safi na chafu. Lakini kilivuta watu miaka thelathini na minne, na hatupendi kiende kikiwa na uchafu wa njiwa. Dereva wake amesema atashika ndoo.

NYONGEZA

Mheshimiwa, naona unafunua karatasi unatafuta. Haya hayamo kwenye nakala uliyopewa. Nimeyaandika kwa penseli sasa hivi, ulipokuwa ofisini ukitia sahihi kitabu cha wageni.

Ulipoingia kwa geti kubwa ulipita kando ya mabehewa, wewe na ndugu mnunuzi. Mama Pacha alikuwa ameinama karibu nanyi anakamua matambara, hamkumwona. Ulisimama, ukaweka kiganja ubavuni mwa behewa, ukasema, "Kumbe hili ndilo lenyewe."

Ndugu mnunuzi akajibu, "Ndilo hili hili, Mheshimiwa. Mimi ningelitambua hata nikiwa nimefumba macho."

Kisha ukajitazama kwenye kioo, ukanyoosha tai, mkaondoka.

Mheshimiwa, lile ni behewa la sita.

Hatukukusudia kumdanganya mtu. Namba yake imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, nasi hatukuigusa zaidi ya kuifuta. Tumeliosha siku ishirini, wanawake tisa, tukibeba maji kwa ndoo kwa sababu mpira haufiki. Mdogo wetu ana miaka hamsini na minane. Hatukuwa na ruhusa. Tulitaka tu, ukifika kwenye sehemu ya maombi, uwe umekwisha kuliona kwa macho yako.

La tisa hujaliona bado. Liko nyuma ya turubai hili, nyuma ya kiti chako. Tunakukaribisha uingie ukimaliza kutusikiliza. Inama mlangoni, ngazi ni fupi. Utawakuta wamekaa kila mmoja kwenye namba yake, na watakuuliza tiketi. Majani yako mti wa kwanza kushoto.

Leo jioni saa kumi na moja litafika kama kawaida. Sisi tunaomba Jumanne lifike, na Jumatano pia.

Mungu akupe afya, akulinde kwenye kila njia unayopita, awatunze walio nyumbani kwako, na akujalie kuona vizuri kupitia kila kioo utakachochungulia. Awape na vijana wa chuma mikono salama. Tumemaliza, watoto sasa mnaweza kupiga kelele.

Ni sisi,
Kikundi cha Ndoo na Brashi,
Yadi ya Nyuma, kando ya bomba.