Saa Sita ya Mzungu

Tangu duka la kampuni la Muleba lifungwe, sanda inanunuliwa Bukoba. Kokugonza, aliyefiwa na mama yake usiku, alikuwa ndani ya basi akienda kuinunua, akisikiliza wanaume wawili wakibishania tangazo la duka la kampuni la Bukoba: “Tunafunga saa 6.”

“Mzungu wa kampuni ndiye aliyeandika, Bwana Burhani,” alisema mwalimu Lwakatare. “Sita yake ni saa kumi na mbili jioni.”

“Mwalimu, tangazo ni la Kiswahili! Wazungu walisema wametuletea ustaarabu. Kumbe ustaarabu wenyewe unafungwa mchana?”

Abiria walicheka. Kokugonza alichungulia nje; jua lilikuwa utosini.

“Kwa hiyo nimechelewa?” aliuliza.

Wote wawili walijibu pamoja, kila mmoja lake, na basi likasimama Bukoba.

Siku hizi mtu akifa Muleba, mazishi yanangoja basi lirudi.