Mti Upi kwa Kitanda cha Dada Mkubwa

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Fundi seremala, ambaye kijiwe kizima humwita Randa, aliutengeneza kwa mteja asiyerudi kuuchukua, na baada ya kumsubiri miaka miwili akaulaza juu ya matofali mbele ya karakana yake, watu wakakaa. Tundu la kitasa lipo mpaka leo, na mgeni asiyejua hudumbukiza humo kijiko. Asubuhi hiyo walikuwepo wale wale. Kamusi, mzee aliyesahihisha makosa ya chapa kiwandani kwa miaka thelathini na moja, akastaafu kazi lakini hakustaafu kusahihisha watu. Spana, fundi wa pikipiki, ambaye methali zote anazijua ila hajui zinatumika lini. Mama Kahawa na birika lake. Na Randa mwenyewe, penseli sikioni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yao kilisimama kitanda kipya, kimekamilika chote isipokuwa ubao wa kichwani. Hapo palikuwa na shina la mti lililochongwa vizuri, shina tu, bila mizizi wala matawi, na kwa siku tisa halikuongezeka hata jani.

Kitanda kilikuwa cha Dada Mkubwa, aliyemlea Randa tangu wazazi wao walipofariki. Mwanamke huyo alifundisha habari za dini na visasili vya mataifa mpaka nywele zikawa nyeupe. Aliagiza kitanda, akachora miti miwili kwenye daftari, akaandika maelezo chini ya kila mmoja, akamwambia mdogo wake, "Anza na shina. Nitakwambia mti upi nikishaamua." Kabla hajaamua, kiharusi kikamwangusha, kikachukua mkono wa kulia na kauli yote. Sasa yuko hospitali, na Randa yuko hapa na patasi mkononi, hajui akate wapi.

— Soma tena, alisema Randa. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yeye.

Kamusi akavaa miwani.

— Mti wa kwanza ni wa Wayahudi, wale wenye elimu ya ndani iitwayo Kabala. Maduara kumi, yameunganishwa kwa njia. Juu kabisa ni Taji, chini kabisa ni Ufalme. Katikati mna Hekima, Rehema, Ukali na wenzao. Mizizi iko juu, kwa Mungu, matawi yanashuka kwetu.

— Mizizi juu? alisema Spana. Huo si mti, huo umeng'olewa.

— Umeandikwa hivyo.

— Basi ni ramani ya waya za umeme. Chanzo juu, taa ya mwisho chini. Duara likiungua moja, nyumba nzima giza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Nywele zinaota juu, mzee. Kama hiyo mizizi.

Mama Kahawa akacheka peke yake, akammiminia Randa kikombe. Randa hakukigusa.

— Wa pili, aliendelea Kamusi, ni wa Wanorse wa kale, kule kaskazini kwenye theluji. Unaitwa Igdrasili. Huu umesimama kama miti yote, mizizi mitatu chini, na dunia tisa zimeushikilia. Juu kileleni anakaa tai. Chini kuna joka linaguguna mzizi. Kulungu wanakula majani. Na kuna kindi anapanda na kushuka shina, akipeleka matusi ya tai kwa joka na ya joka kwa tai.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Spana kwa heshima zote.

— Spana, nyamaza kidogo.

— Kindi huyo namjua mimi, alisema Mama Kahawa. Ana kijiwe. Maneno anayatoa hapa anayapeleka kule, mti wenyewe hausaidii chochote.

Hapo kila mmoja alijiona ana mkia. Randa akachungulia ndani ya kikombe chake. Alitamani mtu mmoja tu aseme, chonga huu, ili lawama ikae kwa mwingine.

— Mimi nasema wa kwanza, alisema Kamusi. Mgonjwa anahitaji kitu cha kumteremkia kutoka juu. Ule wa pili unaliwa kila upande. Utamwekeaje mgonjwa mti unaoliwa?

— Lakini hauanguki! alisema Spana. Soma hapo, pameandikwa nini? Wanawake watatu wanaunyunyizia maji na udongo mweupe kila siku. Unaliwa na unatunzwa. Huo ndio mti wa mgonjwa. Huo wa Wayahudi umekamilika mno, utamtisha.

— Haujakamilika. Hapa Dada Mkubwa ameandika kwamba binadamu naye ana kazi ya kuutengeneza, kwa matendo yake.

— Basi yote miwili inataka fundi. Penye miti hakuna wajenzi. Na lile joka, kwa nini wasilipige? Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndio maana. Wote wako juu huko, nani anashuka chini kulifuata?

Safari hii methali ilimwangukia mtu asiyelengwa. Randa akateremsha macho. Tangu siku ya pili alikuwa hajakanyaga hospitali. Siku ya kwanza alikaa pembeni mwa kitanda, dada yake akamtazama, akafungua kinywa, ikatoka sauti ambayo haikuwa neno. Mwanamke aliyemfundisha kusoma! Randa akatoka mbio, na tangu hapo kila anayemuuliza humjibu kwamba anamalizia kitanda.

— Subirini, alisema Spana, akasimama. Nimepata! Si kuna mungu wao alijining'iniza kwenye mti ule usiku tisa, atafute siri za maandishi?

— Yupo, alisema Kamusi kwa wasiwasi.

— Aliyening'inia kichwa chini anaonaje mti? Mizizi juu! Ule wa kwanza na wa pili ni mti mmoja, jamani. Mmoja kachora aliyesimama, mwingine kachora aliyening'inia.

— Hakuna mahali palipoandikwa kichwa chini! Halafu ni watu mbalimbali, vitabu mbalimbali, bahari kati yao. Huwezi kuchukua mti wa watu ukaupindua ukasema ni wa jirani.

— Kwani wewe ulikuwepo?

— Wewe ulikuwepo?

Wakachoka wote kwa pamoja. Mama Kahawa akatikisa birika, likajibu kwa sauti ya kitu kinachokaribia mwisho. Ndipo akaja mwanamke mmoja aliyevaa sare ya wahudumu wa wodi, viatu mkononi, ndala miguuni, sura ya mtu aliyemaliza zamu.

— Hamjambo wazee wangu. Hapa ndipo kwa fundi wa kitanda cha Mwalimu?

— Ndipo, alisema Randa, akainuka nusu.

— Nimetumwa niwaambie daktari anamruhusu kesho asubuhi. Mhudumu akakitazama kitanda, akaliona lile shina. Aa, kizuri. Na huu mti ni wa nini?

— Ni wake yeye, alisema Kamusi. Autazame. Tunabishania uwe upi.

Mhudumu akakizunguka kitanda taratibu, akaweka kiganja mahali pa mto, akageukia mahali pa miguu, akarudi kwenye lile shina.

— Sasa akilala, atauonaje?

Kamusi alifungua daftari, akalifunga. Spana alitafuta methali, kwa mara ya kwanza akaikosa. Randa alihesabu kichwani vitanda vyote alivyowahi kutengeneza, maua yote, ndege wote, nyota zote alizochonga kwenye ubao wa kichwani. Zote alizichonga kwa ajili ya mtu aliyesimama mlangoni. Maisha yake yote hakuwahi kumchongea anayelala.

— Labda akigeuza shingo, alinong'ona Spana.

— Hawezi, alisema mhudumu. Analalia ubavu wa kushoto, uso mlangoni. Hatukumlaza hivyo sisi. Tukimgeuza upande mwingine anapiga kitanda kwa ule mkono mzima mpaka tumrudishe. Kila mlango ukifunguliwa anafumbua macho, akiona ni sisi anayafumba. Ana ndugu anayemsubiri, nadhani. Mnamfahamu?

Kijiwe kizima kikatazama chini. Mama Kahawa ndiye aliyemtazama Randa, na macho yake hayakuwa na hasira, ila hayakumwachia.

— Anasikia? aliuliza Randa.

— Anasikia vizuri sana. Jana nilikosea jina la mfalme fulani wa kwenye vitabu, akanifinya.

Randa akacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakizuia. Akajipangusa kwa mkono wenye vumbi la mbao, likamwingia machoni, ikawa nafuu, akawa na kisingizio. Akachomoa penseli sikioni, akachukua daftari mapajani mwa Kamusi bila kuomba.

— Unakwenda wapi? aliuliza Kamusi.

— Kuuliza. Ule mkono mzima utaonyesha.

— Na asipochagua?

Randa alikuwa ameshavuka mtaro. Akasimama, akajibu bila kugeuka.

— Nitakaa upande wa mlango.

Spana akanyoosha kikombe. Mama Kahawa akaliinamisha birika mpaka mwisho, likatoka tope la kahawa, kisha hakikutoka kitu.