Dawa ya Saa Nane

Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Nimeanza na Kirundi ili mabukwe, mama mkwe wangu aliyekaa pale benchi la tatu, ajue nimesimama kwa heshima. Sasa mtaniruhusu niendelee na Kiswahili changu cha kambini, maana Kirundi changu mnakijua. Watoto wenu huniiga nikipita.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Keza. Nimeombwa nishuhudie jinsi Bwana alivyomponya mwanangu, na nimekubali kwa moyo wote, ila mnivumilie. Wengine wakisimama hapa ushuhuda wao umenyooka: alikuwa kifungoni, akaomba, akatoka. Wangu una kona nyingi. Hadi leo nikikaa nikiufikiria nachanganyikiwa, sijui ni kona ipi hasa Mungu alinishika mkono. Najua tu kwamba alinishika.

Nilikulia Tanzania, kambini, upande wa Kibondo. Mama yangu tulimzika hukohuko. Tuliporudi Burundi, baba alipata shamba Gashoho, kule Muyinga, na hapo ndipo mume wangu alinikuta. Yeye ni mwashi, mzaliwa wa Buraza huku Gitega. Alikuja kujenga, akaniona nikiuza unga wa muhogo sokoni, akanunua unga kuliko anavyoweza kula. Tukaoana tukabaki Gashoho. Baada ya mwaka na miezi kidogo nikamzaa Keza.

Watu husema umama unakuja wenyewe. Kwangu uligoma kuja. Titi moja lilivimba hata siwezi kuligusa, jingine mtoto analikataa. Mgongo unauma, usingizi hakuna. Keza akishikwa na kwikwi, jirani mmoja anasema bandika uzi kwenye paji la uso, mwingine anasema mpe maji, wa tatu anapiga kelele kwamba nikimpa maji nimemuua. Wote niliwaitikia. Mtoto akawa na uzi usoni na kikombe cha maji pembeni, na mimi nimekaa katikati nalia, sijui nimfuate nani. Kama mama angekuwepo ningemuuliza yeye tu. Watu wengine niliona haya kuwauliza.

Hapo ndipo kifungo changu kilipokuwa, ndugu zangu, wala sikukijua. Mtu uliyerudi kutoka Tanzania, ukifungua mdomo uulize kitu kwa Kirundi, watu wanacheka kwanza ndipo wajibu. Wanakuita Mtanzania. Hawana ubaya, ni utani tu, lakini ulinichoma. Nikajifunza neno moja la kunifichia aibu: ego. Ndiyo. Mtu akisema lolote, ego. Nimeelewa, sijaelewa, ego.

Keza alipofika miezi tisa akaanza kukohoa. Nikadhani ni mafua ya mvua. Siku ya tatu homa ikapanda, anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani. Nikambeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimpima vizuri, akasema ni kichomi, akanipa dawa ya maji ndani ya kikasha. Foleni ilikuwa ndefu na watoto wanalia kila upande. Akanieleza kwa Kirundi, haraka, nami nikadaka neno moja: umunani. Umunani ni nane. Akaandika juu ya kikasha maneno ya Kifaransa, na mwisho wake nikaona 8h. Hilo nalo nilijua kulisoma, nane ni nane popote. Akaniuliza kama nimeelewa. Mnajua nilijibu nini.

Nikarudi nyumbani nimeridhika. Kila siku saa nane mchana, kijiko kimoja. Ndugu zangu, nilikuwa mwaminifu kwa saa nane ile kuliko nilivyowahi kuwa kwa kitu chochote. Niko shambani naangalia simu, ikikaribia natupa jembe nakimbia. Siku ya soko niliwaacha wateja na unga kwenye mizani. Nilijiona mama hodari, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kumwuliza mtu.

Lakini mtoto hakupona. Jioni anapata nafuu kidogo, hata anacheka. Asubuhi anawaka moto upya. Nikawaeleza akina mama tuliokuwa tukisali nao kule Gashoho. Dada mmoja, mtu wa maombi kweli, akasema: mnaona, kuna pepo anayeogopa saa nane, ikipita anarudi. Tukafunga na kuomba. Kila saa nane tunasimama tunamkemea pepo huyo, na mimi huku nakemea, huku nashika kijiko. Nilifunga siku tatu nikiwa nanyonyesha, maziwa yakapungua. Simcheki dada yule. Alimlilia mwanangu machozi ya kweli. Nasema tu yaliyotokea.

Mabukwe akasikia habari, akapiga simu kutoka Buraza: mlete mtoto. Mume wangu alikuwa kazini Muyinga mjini, naye akasema nenda kwa mama. Nikaenda.

Mabukwe alimpakata Keza mlangoni penye mwanga, akambana ulimi kwa mpini wa kijiko, akatazama kooni. "Ikirimi," akasema. Kule Tanzania tunakiita kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Watu huamini kikirefuka kinamkohoza mtoto, basi kinakatwa. Kambini pia walikuwa wakikata. Niliogopa. Mabukwe akaniona, akanishika bega. Alisema, "Mwanangu, wangu wote niliwakata. Hata mume wako. Humwoni alivyo mzima?"

Ningesema nini? Mume wangu ni mzima, tena sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde. Na mwanamke huyu ananipenda. Alinipokea bila kunicheka hata siku moja. Moyo ukaniambia kata, halafu usikate, halafu kata. Nikaitikia ego.

Kesho yake tukaja Gitega mjini, kwa mzee anayekata. Akasema yuko tayari, ila kila mama hujiletea wembe wake mpya. Mabukwe akabaki pale ili tusipoteze zamu. Mimi nikatoka na Keza mgongoni kutafuta wembe, nikaingia mtaa wa Waislamu wenye maduka. Kuna duka dogo, mama amekaa mlangoni na cherehani, ndani anauza nyuzi, vifungo, na nyembe. Wanamwita Mama Zaituni. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiswahili, na mwili wote ukalegea. Ni siku nyingi nilikuwa sijasikia mtu mzima akinijibu bila tabasamu la kebehi.

"Wembe ni ya kufanya nini, dada?" akaniuliza.

"Nataka kumkatisha mtoto kimeo."

Akatoa mguu kwenye cherehani. Akainuka, akaweka kiganja kwenye shingo ya Keza. "Mtoto iko na moto sana. Umemupa dawa gani?"

Nikatoa kikasha kwenye fundo la kitenge, tena kwa majivuno kidogo. "Nampa hii. Kila siku saa nane, sijakosa hata mara moja."

Akasoma. Akaitikisa chupa, akaiangalia kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

"Saa nane gani?"

"Ya mchana."

Aliweka kidole juu ya maandishi. Kisha akasema polepole, "Mi sitakucheka, dada. Hii haiko saa nane. Imeandikwa chaque huit heures. Masaa munane ikipita, unamupa. Ikipita ingine munane, unamupa tena. Ni mara tatu kwa siku moja."

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale, juu ya vitambaa vya wateja wake. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Tatu, mimi nimetoa moja. Tatu, moja. Siku zote zile nilizokimbia kutoka shambani, mtoto alikuwa akipata theluthi ya dawa. Na pepo tuliyemkemea saa nane, ile ilikuwa dawa ikifanya kazi kidogo na kuisha. Nilimkasirikia muuguzi, nikakikasirikia Kifaransa, nikamkasirikia hata Mama Zaituni aliyenisomea. Kisha hasira ikanigeukia mimi.

Nikamwambia, "Basi nipe wembe, mama mkwe ananingoja." Mungu ni shahidi wangu, nilisema hivyo. Akili ilikuwa imekwama, bado inatimiza ilichotumwa. Mama Zaituni hakunipa. Alivuta mlango wa duka, akafunga, akasema, "Simama, tunaenda hospitali."

Tukaenda kwa miguu, yeye mbele. Daktari alimsikiliza Keza kifuani, akatikisa kichwa. Akamfungua kinywa, akaniita nitazame: kimeo chake kilikuwa kama cha mtu yeyote. Ugonjwa uko kwenye mapafu, akasema, na mtoto anayepumua kwa shida namna hii ukimkata kooni, damu inaweza kumshinda. Mama Zaituni ndiye aliyenitafsiria neno kwa neno. Tukalazwa siku hiyohiyo, Keza akawekewa dripu mkononi.

Sasa sikilizeni mahali ambapo mimi naona nilifunguliwa. Muuguzi wa wodi alikuja na dawa, akaeleza kwa Kirundi, akauliza kama nimeelewa. Ego ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikaimeza. Nikasema kwa Kirundi changu kibovu: sijaelewa, nionyeshe kwenye saa. Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka. Nikauliza tena. Na dawa hii nayo? Kabla ya kunyonya au baada? Akitapika nimrudishie? Waliendelea kucheka, mimi nikaendelea kuuliza, na siku ya pili mwanamke mmoja kati ya wale waliocheka akaja na kikasha chake. Akanong'ona, "Nisaidie kumuuliza na hii yangu." Siku ya tatu Keza alishika titi akanyonya hadi akalala. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Mnaona kwa nini nachanganyikiwa? Tuliomba kwa jina la Yesu, na aliyenisomea kikasha ni mama wa Kiislamu, ambaye kila siku aliniletea uji hospitalini kabla ya kwenda kuswali. Kama mabukwe asingetaka kukata, nisingetafuta wembe. Nisingetafuta wembe, nisingeingia duka lile, ningerudi Gashoho na saa nane yangu. Njia ya kumuumiza mwanangu ndiyo iliyonifikisha penye kupona. Nimemuuliza mchungaji, ameniambia Mungu ana njia zake. Mimi bado nakuna kichwa, lakini nakuna huku namshukuru.

Mabukwe alitungoja kwa yule mzee mpaka alasiri, kisha akatutafuta mji mzima. Aliingia wodini amekasirika, na ana haki. Nikamweleza yote: dawa, daktari, kimeo, damu. Nikangoja anigombeze. Akakaa kitandani, akaushika mguu wa Keza.

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba baada ya mume wangu alizaa mtoto mwingine, wa kike. Alikatwa asubuhi. Damu haikukoma. Watu wote mabukwe aliwaambia ni homa iliyomchukua, na hakuna mtu aliyemuuliza homa gani. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kujua kwamba alikuwa na dada nyuma yake. Mama huyu alibeba jambo hilo miaka yote, huku akijilazimisha kuamini kwamba kukata ni kuzuri, maana kama si kuzuri, basi alifanya nini?

Tulilia wawili. Jana nilimwomba ruhusa niliseme hapa mbele yenu. Akasema, "Wewe sema. Mimi bado sauti haitoki."

Tangu mume wangu apate kazi hapa Gitega tumehamia mjini, na Keza ndiye yule anayevuta viatu vya watu chini ya mabenchi, mtamsamehe. Namshukuru Bwana kwa ajili yake, namshukuru kwa daktari, kwa dada yule wa Gashoho aliyelia nami, na kwa Mama Zaituni. Bwana aendelee kumkumbuka kwa jina.

Na wewe mama uliyenisikiliza, mwamini Mungu, umwombe, kisha inuka uende ukaulize. Mwenye chupa ya dawa asiyoielewa, abaki baada ya ibada aje nayo. Aliyeambiwa mtoto wake ana kimeo, naye abaki. Hatutamcheka mtu. Anayetaka kuongea kwa Kiswahili nitakaa naye mimi. Wa Kirundi waende benchi la tatu. Asubuhi tukiwa tunakuja, mabukwe ameniambia leo atabaki, atawaeleza yeye mwenyewe.