Mche Usiotaka Maji: Maisha ya Dkt. Wilson Githae Njau, 1975–2025

Ndugu yetu Githae alizaliwa tarehe 9 Agosti 1975 hapa hapa Ngoliba, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Njau na Mama Waithira. Mimi Ciku, kitinda mimba wa nyumba hii, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma maisha yake leo, kwa sababu eti nina sauti. Githae angecheka. Alizoea kusema kwamba nikishika kipaza sauti, hata mchungaji husahau mahubiri aliyokuja nayo. Alizaliwa wakati wa kiangazi, shamba likiwa vumbi na vichaka vya kijivu tu, na Mami husema ndiyo maana hakuwahi kulalamikia jua maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi hapa Ngoliba mwaka 1982, akaenda sekondari ya bweni mjini Thika, akamaliza mwaka 1993 kwa alama zilizomfanya Baba achinje mbuzi ambaye nusu yake ilikuwa ya jirani. Kisha alisomea kemia katika chuo kikuu pale Juja na kuhitimu mwaka 1999. Lakini sisi tuliochunga naye tunajua kwamba kemia aliianza mapema. Alikuwa anatafuna kila jani analolipata, na mengine yalimtapisha. Akirudi jioni midomo imegeuka kijani, Mami hakumuuliza yeye amekula nini. Alimuuliza mbuzi wamekula nini.

Mwaka 2001 Baba aliugua saratani ya koo. Alikuwa akitibiwa kwa kemo katika hospitali moja mjini, na wakati huohuo akinywa dawa ya majani iliyoletwa wodini ndani ya chupa ya uji, maana yeye mwenyewe aliiomba. Daktari hakuambiwa. Siku moja muuguzi kijana kutoka Bungoma alifungua ile chupa, akanusa, akauliza kwa upole kama kuna kingine Mzee anakunywa. Sote tuliangalia sakafu isipokuwa Githae, aliyesema ukweli. Baba alizidiwa wiki ile akaaga dunia, na hakuna aliyeweza kutuambia kama ni ugonjwa, ni dawa ya hospitali au ni majani. Jambo hilo lilimkaa Githae moyoni. Alisema Baba alikunywa dawa mbili zisizojuana, na kwamba lazima mtu azikutanishe mahali ambapo zinaweza kuchunguzwa.

Yule muuguzi alikuwa Nelima. Walifunga ndoa kanisani mjini Ruiru tarehe 17 Aprili 2004, baada ya sisi kusafiri hadi Bungoma kwa posa, ambako Githae alikula kuku mzima peke yake hadi wakwe wakaridhika kwamba Wakikuyu nao ni watu. Waliishi Ruiru, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Njau na Jackie. Nelima aliendelea kuwapa wagonjwa kemo wodini. Mumewe alikuwa akimuuliza kila jioni kuhusu wale ambao dawa imekataa kuwafanyia kazi.

Alipopata shahada ya uzamifu mwaka 2011, alianza kufundisha chuoni na kufanya utafiti. Alikuwa amerudia kichaka kimoja alichokitafuna utotoni, kichungu kupindukia. Jina lake sitalitaja. Githae alikataza, kwa kuwa aliwajua watu wetu: kingetajwa leo, kufikia Jumapili kingekuwa kimeng'olewa chote na kinachemshwa kwenye sufuria za wagonjwa. Alimweleza Mami hivi: dawa ya kemo huingia kwenye seli ya saratani kwa mlango wa mbele, nayo seli ikizoea hujifunza kuitupa nje kwa mlango wa nyuma. Majani yale hayaui saratani. Kile kilichomo ndani yake hufunga ule mlango wa nyuma, ili dawa ikae ndani ifanye kazi yake. Katika chupa za maabara ilionekana hivyo, na baadaye kwa panya pia.

Mwaka 2016 alitaka miche ya kichaka hicho iwe karibu na chuo, akaipanda kwenye ploti ya Mami kule Kalimoni, karibu na Juja, alikokuwa akiishi. Mami aliipokea kama wajukuu. Aliimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni, akaitilia samadi, na ndani ya msimu mmoja ikanawiri kuliko sukuma wiki yake. Majirani walikuja kuitazama. Githae aliyavuna majani kwa furaha, akayapeleka maabara, na hayakuwa na kitu. Uchungu wote ulikuwa umetoweka na kazi ya msimu mzima ikawa bure. Kumbe kile kichaka hutengeneza dawa yake kikiwa na kiu. Kikistareheshwa, hakina sababu. Githae alikaa chini pale ploti akacheka mpaka machozi, kisha akamwambia, "Mami, umekipenda mpaka kimesahau kazi." Tangu siku hiyo Mami alikatazwa kupita na mtungi karibu na miche, na nasikia aliwahi kupatikana na kosa hilo tena mara kadhaa.

Kwa hiyo miche ikarudishwa Ngoliba, na mimi nikafanywa mlinzi wake. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia simu kutoka Ruiru. "Kumenyesha?" Nikimwambia hakujanyesha, alisema, "Poa." Watu wa hapa wanalia mahindi yamekauka, na ndugu yangu anasema poa. Nilimgombeza miaka yote hiyo, na sasa ningetoa chochote nigombane naye tena.

Mwezi Novemba 2023 Githae alipatikana na saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa, kisha akaanza kemo. Mwanzoni ilimsaidia, hata akarudi darasani. Kufikia Juni mwaka huu ugonjwa ulikuwa umeizoea dawa, jambo ambalo alikuwa amewafundisha wengine kwa miaka mingi, na nadhani alilitambua kabla daktari hajamwambia. Hapo ndipo Mami alipokuja Ruiru na thamosi. Alikuwa amefunga safari hadi Ngoliba, akachuma majani yale yenye kiu, akayachemsha mwenyewe. Aliiweka thamosi mezani mbele ya Githae na Nelima, nami nikiwepo, wazi, bila kuificha.

"Si wewe ndio ulisema inafanya kazi?" akamuuliza.

"Inafanya kwa chupa, Mami. Na kwa panya. Kwa mtu sijui."

"Kwani wewe si mtu?"

"Mtu mmoja."

"Na mimi niko na Githae mmoja," Mami akasema.

Mami alimgeukia Nelima, kwa kuwa yeye ndiye muuguzi, na Nelima alishindwa kusema ndiyo, akashindwa kusema hapana. Githae akaeleza polepole kwamba ule mlango wa nyuma uko pia kwenye ini na kwenye moyo, na majani hayajui kuchagua ni upi wa kufunga. Kemo ikifungiwa ndani ya moyo, inaua. Kipimo anachoweza kuvumilia mtu hakijulikani bado. Akisema anywe kwa kubahatisha, atakuwa amerudi kwenye ile chupa ya uji ya Baba. Kisha aliomba apewe thamosi. Tulidhani amebadilisha nia. Aliifungua, akanusa muda mrefu akiwa amefumba macho, akasema, "Hii ni Ngoliba mwezi wa nane." Akaifunga, akamrudishia Mami, akamshukuru.

Mami hakumwelewa siku ile. Sijui kama mimi nimemwelewa hata leo. Najua aliitamani, maana nilimwona alivyoishika ile thamosi kwa mikono yote miwili.

Alituacha nyumbani kwake Ruiru asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, Nelima akiwa amemshika mkono. Ningependa kuwaambia kwamba kazi yake imekamilika, lakini haijakamilika. Mumo, mwanafunzi wake, anaiendeleza, na ruhusa ya kuanza kujaribu kwa watu, kwa kipimo kidogo na mbele ya madaktari, imeombwa. Jibu halijaja. Jumapili iliyopita hapa Ngoliba hakukunyesha. Nilikaa na simu mkononi, sikuwa na wa kumwambia.

Marehemu amemwacha mama yake, Mama Waithira. Mjane wake, Nelima. Watoto wake, Njau na Jackie. Sisi ndugu na dada zake, wapwa wengi, wakwe wetu wa Bungoma, wanafunzi wake, na wagonjwa ambao hakuwahi kukutana nao ila aliwataja kila siku.

Tukishamzika tutapanda maua kaburini kama ilivyo desturi yetu. Mbele kabisa, upande wa kichwa, Mami atapanda mche mmoja wa kile kichaka. Ni Githae mwenyewe aliyeuomba. Tafadhali mtu asichume majani yake kwenda kuchemshia mgonjwa. Mgonjwa apelekwe hospitalini, na kama kuna kitu anakunywa nyumbani, daktari aambiwe. Na tafadhali maua mengine yamwagilieni, lakini mche huo usimwagiliwe.

Jana nikiandika maneno haya Mami alikaa karibu nami, akaniuliza, "Hata siku ya kwanza? Hata kikombe kimoja tu cha kuushikisha?"

Hata siku ya kwanza, Mami.

Mungu amlaze Githae mahali pema, na sisi atupe nguvu ya kuuacha na kiu yake.