Mzee Msabaha, Mvuta Kliniki ya Meno

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi mitatu ya kuivuta kliniki yetu ya meno, Mzee Msabaha Mwinyimvua anastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Juni 2026. Kwa wageni waliohudhuria leo: kliniki hiyo ni tela lenye kiti cha mgonjwa, tangi la maji na jenereta, nalo huvutwa na Landkruza kutoka Bagamoyo mjini hadi vijijini. Mimi ninayewasomea haya ni Sabiha, msimamizi wa ratiba. Kwa miaka kumi na sita nimegombana na Mzee Msabaha kila asubuhi, na bado nampenda.

Aliajiriwa mwezi Machi mwaka 2000, kijana mwembamba kutoka Zinga. Wembamba wenyewe ulimtoka mapema. Bi Chausiku, mkewe, anajua kupika, na vijiji vyote vya njiani vinajua kukaribisha. Hajawahi kumwacha mgonjwa akisubiri bure, ingawa mimi amenisubirisha sana.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya makalio ya gari. Tela zito likifungwa, Landkruza hulala nyuma na kuinua pua. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika vilele vya minazi badala ya barabara. Mzee Msabaha akiona hivyo, haondoki. Atapanga mzigo upya, huku mbele kidogo, kule nyuma kidogo, na mimi nimesimama na ratiba mkononi, nimevimba kwa hasira.

Mwaka 2014 tulifunga mipira ya upepo ndani ya springi za nyuma. Gari likainuka, likasimama sawasawa, tukapiga makofi. Mimi nikaona nafasi imepatikana, nikaongeza mabenchi, turubai na makasha ya dawa. Mzee Msabaha akayashusha yote. Alisema gari ndilo lililoinuka, mzigo haujapungua hata kilo moja. Nikamwandikia barua ya malalamiko kwamba ni mkaidi na anachelewesha kazi.

Mwaka uliofuata alikwenda likizo, tukaazima dereva mpole asiyebishana na mtu. Nikapakia nilivyotaka. Kabla ya kufika Zinga tela lilianza kuyumba kulia na kushoto, likatoka barabarani na kulala ubavu kwenye shamba la mihogo. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini kliniki ilifungwa wiki kumi na moja, na watu wakaugulia meno majumbani kwa sababu yangu. Mzee Msabaha aliporudi hakunisema hata neno moja. Ningefurahi kama angenisema.

Tangu hapo uongozi uliamua kwamba tela halivutwi na mtu mwingine. Uamuzi ule ulitulinda, kisha ukatutia hofu, maana mwaka huu Daktari Abdulswamad, mkuu wa kliniki, alitamka wazi kwamba asipopatikana dereva wa kuaminika kabla ya Juni kwisha, tela litaegeshwa moja kwa moja. Vijiji tisa vingebaki bila huduma.

Mzee Msabaha akamchukua Zuwena, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, akamfundisha miezi mitano. Alimfundisha kupima kwa shibiri urefu wa bampa ya nyuma kutoka chini, kabla ya kufunga tela na baada ya kulifunga. Likishuka zaidi ya vidole vinne, mzigo unapunguzwa. Zuwena alipolalamika kwamba mkono wake ni mdogo, aliambiwa apime kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa ndio atakaokuwa nao barabarani.

Alhamisi iliyopita tulikwenda Fukayosi kwa safari ya mwisho, Zuwena kwenye usukani, na Daktari ndani ya gari akija kujionea. Jioni wanakijiji walimuaga Mzee Msabaha kwa zawadi: magunia ya mananasi, mihogo, nazi, na mahindi ya Bi Batuli, ambaye aling'olewa jino na kliniki hii mwaka ule wa kwanza. Vyote vikajazwa nyuma ya gari kwa vigelegele. Mzee Msabaha akapanda, akafunga mlango.

Zuwena akazunguka nyuma, akainama, akapima. Akarudi dirishani.

"Samahani sana, Mzee wangu," alisema. "Zawadi zako zinashuka."

Kwetu huku, kushusha zawadi mbele ya macho ya aliyeitoa ni jambo zito. Bi Batuli alishika kiuno. Daktari akajaribu kusuluhisha, akasema njia ni kavu na mwendo ni mdogo. Zuwena alimjibu "Ndiyo, Daktari" kwa adabu zote, na ufunguo akautia mfukoni. Mzee Msabaha alikuwa ametazama mbele tu, nikadhani ameudhika.

Kisha akashuka, akalibeba gunia la kwanza la mananasi yeye mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anacheka. Zawadi zilifika Zinga kwa bajaji ya Haidar, mwana wa Bi Batuli. Daktari hakungoja tufike mjini. Njiani tu alinipa idhini ya kupanga ratiba ya Julai.

Mzee Msabaha, ahsante kwa vijiji tisa, na ahsante kwa kila asubuhi uliyonichelewesha. Nilikukosea kwa ile barua. Leo nakuomba radhi mbele ya watu. Mwenyezi Mungu akupe afya, wewe na Bi Chausiku, na miaka mingi ya kustarehe. Kesho, Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, Zuwena anaivuta kliniki kwenda Makurunge. Wewe lala.