Živan Radakov, Aliyezishusha Nyimbo Zake Kuifuata Sauti

Marehemu kaka yetu Živan Radakov alizaliwa mjini Kikinda tarehe 14 Februari 1953, mtoto wa kwanza wa Sava, fundi wa reli, na Milena, mshonaji. Mimi Nevenka ninayewasomea haya ndimi niliyemfuata kuzaliwa.

Alisoma shule ya muziki Zrenjanin, kisha chuo cha muziki Belgrade. Mwaka wa tatu aliacha chuo akajiunga na bendi. Baba hakusema naye hadi siku alipomsikia redioni. Aliizima redio, akaiwasha tena, akasema, "Angalau anatamka maneno vizuri."

Kuanzia 1976 aliimba, lakini zaidi aliwapangia wengine muziki: fidla ziingie wapi, tarumbeta zinyamaze wapi. Waimbaji walimjia kutoka Zagreb na Sarajevo. Vita vya miaka ya tisini vilipoivunja nchi yetu, miji hiyo ikawa ugenini na simu zao zilikoma. Akabaki kuimba harusini na mikahawani, watu wakitafuna huku wakimwagiza nyimbo za wengine. Mbele yetu hakulalamika.

Tarehe 6 Juni 1981, Novi Sad, alimwoa Smilja. Katikati ya karamu aliinuka kwenda kumsahihisha mpiga tarumbeta. Smilja akamwambia, "Leo ama unaoa ama unapanga muziki. Chagua."

"Namalizana na huyu tu, mke wangu."

Mungu aliwajalia binti, Jelisaveta.

Agosti 2018 madaktari walimkuta na saratani ya koo. Walikuwa na matumaini ya kumponya kwa upasuaji, ila sauti ingeondoka. Naye alikuwa ameahidiwa onyesho lake mwenyewe mwezi Machi, la kwanza baada ya miaka mingi. Akawaomba wasubiri. Smilja alimsihi, akalia, akamnunia.

"Nisipokuwa na sauti, mimi ni nani humu ndani?"

"Mume wangu."



Kadiri sauti ilivyoshuka, ndivyo alivyozipanga upya nyimbo zake, kila mara chini kidogo. Gavra, mpiga besi wake tangu ujana, alimtania: "Ndugu yangu, tukishuka tena tutawaamsha wafu." Wakacheka wote wawili. Kisha Gavra akatoka nje kulia.

Siku ya onyesho, kwenye wimbo wa pili, sauti ilikatika. Živan aliwageukia wapigaji, akawaashiria waendelee, akasimama akiwapa watu mgongo mpaka wimbo ukaisha. Ukumbi mzima ulimshangilia. Walidhani ndivyo alivyoupanga.

Alifanyiwa upasuaji Aprili, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kutambaa mbali. Alifariki nyumbani kwake Novi Sad tarehe 9 Novemba 2019, adhuhuri. Asubuhi ile alimshika Smilja mkono, akatamka neno kwa midomo. Hatukulielewa. Akarudia, akarudia tena, akatutazama kama mtu anayezama, kisha akageukia ukutani. Leo kabla ya kuja hapa nimemkuta Smilja mbele ya kioo, akijaribu neno moja baada ya jingine, akiitafuta midomo ile.

Ameacha mjane wake Smilja, binti yake Jelisaveta, mjukuu wake Ognjen, mimi dada yake, na Gavra, ambaye hakuwa wa damu yetu wala hakuwahi kulikubali hilo.

Ee Mungu, wewe usikiaye yasiyo na sauti, lipokee neno lake, naye umpumzishe.