Mama Eddah Kahaso, Aliyejibu Mlango wa Baharini

Mama Eddah Kahaso Changawa alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika chumba cha mpishi, nyuma ya nyumba kubwa inayotazama bahari huko Likoni, ambayo leo twaiita Hoteli ya Mkungu. Mpishi huyo alikuwa baba yake, Mzee Changawa Kiponda. Mwenye nyumba alipoondoka nchini mwaka 1963, alimuuzia Mzee nyumba hiyo kwa bei ya kutupa, hata watu wa Mtongwe wakashangaa. Sababu ya urahisi huo familia iliijua baada ya kuhamia ndani.

Kila alasiri, kwenye mlango wa upande wa baharini, mtu alikuwa akipiga hodi. Upande huo hauna njia; ni jabali, kisha maji. Mzee aliwafundisha wanawe jibu moja tu: "Mwambieni, 'Ngoja kidogo.' Mkimnyamazia hatulii. Mkimkaribisha, hatatoka tena." Eddah, kifungua mimba, ndiye aliyepewa kazi hiyo, naye aliifanya kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi hapa Likoni, kisha sekondari kisiwani. Alikuwa na akili nyepesi na miguu myepesi zaidi, lakini michezo yote ya jioni ilimpita, kwani kengele ikilia tu alikimbilia feri awahi nyumbani.

Mwaka 1974 Mzee alimkabidhi hoteli. Mama Eddah hakuwa na mchezo na kazi. Mgeni aliyeingia na mchanga miguuni alirudishwa bombani, awe tajiri ama mheshimiwa, na mwaka uliofuata alirudi mwenyewe kufuata wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Bw. Bramwel Kalama, karani wa reli kutoka Changamwe. Siku Bramwel alipokuja kujitambulisha, alisikia hodi, na kwa malezi yake mema akafungua kinywa ajibu. Eddah alimziba mdomo kwa kiganja kilichojaa unga wa chapati. "Nyamaza wee! Huyo si wa kukaribishwa!" Mzee Bramwel alikisimulia kisa hicho kila Krismasi, watu wakavunjika mbavu. Yeye mwenyewe hakuwa akicheka.

Septemba 2024 Mama Eddah alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya kauli. Bintiye Ruth aliacha kazi yake Mikindani, akarudi kumuuguza mama na kumjibu yule wa mlangoni. Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, Ruth alikuwa jikoni akikoroga uji hodi ilipokuja. Kabla hajafuta mikono, alimsikia mama yake, ambaye kwa miezi mingi hakuwa ametamka hata neno moja, akisema waziwazi: "Karibu ndani. Nimekungojesha sana."

Ruth alitoka mbio kwenda kuona. Mlangoni hapakuwa na mtu, lakini anasema alijikuta amesogea kando na kuinamisha kichwa, kama anayempisha mkubwa wake. Mama Eddah alikuwa akitabasamu kitandani. Aliaga dunia Jumapili alfajiri. Mlango wa baharini uko kimya tangu siku ile, na kimya hicho kinatutisha kuliko hodi yenyewe.

Ameacha mume wake, Mzee Bramwel, mwanawe Dishon na mkewe Margret, wajukuu watano, ndugu yake Ngumbao, na Ruth, aliyekubali kubaki na hoteli ingawa anaogopa, nasi twaogopa pamoja naye.

Baada ya maziko, nyote mwakaribishwa kwa chakula pale hotelini. Twawaomba, mkifika, msibishe hodi. Ingieni tu taratibu. Siku hizi kila anayebisha huambiwa "karibu" kabla hatujafungua kinywa, na anayejibu si mmoja wetu.

Mama Eddah, lala salama. Zamu yako imekwisha.